Jozi Namba Saba

"Meza vidonge vyako ufe navyo!" Nyamizi alifoka kutoka upande wa jikoni.

"Nitakuzika wewe kwanza," Minza alimjibu bila kugeuza shingo, "na siku hiyo nitavaa kanga mpya."

Muuguzi Salvatory aliinamia daftari lake ili wasione jinsi alivyofurahi.

Kwa miezi sita alikuwa akisafiri kila Jumanne kutoka Bariadi hadi Lingeka kwa ajili ya chuki hii. Utafiti wake wa shahada ya uzamili uliuliza kama mgonjwa wa moyo anayetembelewa na kufundishwa nyumbani na muuguzi huendelea vizuri kuliko yule anayepewa dawa tu. Alikuwa na jozi ishirini za wagonjwa, na katika kila jozi kura ilimpa mmoja masomo na kumnyima mwenzake. Aliyefundishwa hakuruhusiwa kumwambia neno asiyefundishwa. Jozi ikisemezana ingefutwa, na ziara zingekoma; matusi tu hakuyahesabu.

Wagonjwa wa jozi nyingine walikaa vijiji tofauti. Wa jozi ya saba walikaa kaya moja, kila mmoja na jiko lake, kama Salvatory alivyohakikishiwa. Msimamizi wake chuoni alitia shaka: watu wa uwanja mmoja wawezeje kunyamaziana miezi sita? Salvatory alimjibu kwa utulivu wa mtu aliyesoma kwamba hao ni wake wenza, tena wa kijijini. Msimamizi hakuuliza zaidi, maana naye alikuwa amesoma vilevile.

Siku ya kwanza alikuta uwanjani mwanamume mmoja na wanawake wawili, wote wawili miguu imevimba, wote wawili na kadi za kliniki. Sehemu ya fomu iliyouliza uhusiano wa wanakaya aliijaza mwenyewe. Hakuona sababu ya kuwasumbua watu kwa swali ambalo jibu lake lilikuwa limeketi mbele yake. Akaeleza sharti lake, akamgeukia mwenye kaya, Mzee Bundala.

"Hawa husemezana?"

Bundala aliwatazama wanawake, akakohoa kidogo.

"Hata salamu, daktari."

Salvatory hakumsahihisha kuhusu udaktari.

Kura ilimpa Minza masomo. Nyamizi, ambaye alilala ameketi na aliyepumzika mara mbili kati ya jikoni na zizi la ng'ombe, alipata dawa tu. Salvatory alitarajia hali yake izorote. Hakumwombea mabaya; alihitaji tofauti, na tofauti lazima itoke kwenye mwili wa mtu fulani.

Minza alikuwa mwanafunzi mzito. Kujipima uzito kila asubuhi, kupunguza chumvi, kuinua kichwa kwa mito, kukimbilia zahanati miguu ikianza kujaa: kila somo aliomba lirudiwe mara mbili, akilihesabu kwa vidole. Salvatory aliandika, "Uelewa hafifu."

"Anakufundisha kulala?" Nyamizi alipaza sauti Jumanne moja. "Wewe uliyelala maisha yako yote!"

"Afadhali usingizi wangu kuliko kukesha na roho yako mbaya!"

Jambo moja lilimpendeza Salvatory kipekee. Kila mmoja wao alipozungumza na Bundala alitumia Kisukuma, lugha ambayo Salvatory hakujishughulisha kujifunza. Lakini kutukana walitukana kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya kumfikia alipoketi. Hilo alilinukuu kama ishara ya kuenea kwa elimu vijijini.

Kisha matokeo yakaja. Miguu ya Minza ilinywea. Ya Nyamizi nayo ikanywea. Minza alilala usiku kucha. Nyamizi naye alilala, na sasa alibeba ndoo bila kusimama njiani. Zile jozi nyingine zilionyesha kwamba waliofundishwa waliendelea vizuri zaidi, lakini Salvatory aliziweka kando kwa hoja nzito: kaya zao hazikufanana. Ni jozi ya saba tu iliyokuwa na uwanja mmoja, kisima kimoja na mume mmoja. Juu yake alijenga hitimisho kwamba ziara za muuguzi nyumbani hazimsaidii mgonjwa wa moyo chochote, na akapendekeza wauguzi wabaki hospitalini. Alijua hitimisho la namna hiyo litasomwa.

Leo alikuwa amekuja kuaga tu. Mzee Bundala alimpokea kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "Mwangaluka, daktari," naye, baada ya miezi sita, akaitikia, "Marahaba," kana kwamba ameamkiwa shikamoo.

"Utafiti umefungwa," alitangaza sasa, akisimama. "Tasnifu imeshafika chuoni. Kuanzia leo hata mkisemezana, hainihusu."

"Umefungwa kabisa?" Bundala aliuliza. "Hakuna kufutwa tena?"

"Hakuna."

Nyamizi alivuka uwanja, akaketi kwenye mkeka wa Minza, akamwegemea begani na kusema neno kwa Kisukuma. Wakacheka wote wawili hadi Minza akajishika kifua.

"Amesemaje?" Salvatory aliuliza.

"Anasema afadhali umemaliza, daktari. Matusi ya Kiswahili yalikuwa yamemwishia," Bundala alitafsiri.

Salvatory alilitafakari jibu hilo, akapata ndani yake sifa yake mwenyewe.

"Kumbe nimewapatanisha. Wake wenza kupatana, Mzee Bundala, ni jambo la kuandikwa." Akaanza kupapasa mfukoni akitafuta kalamu.

Bundala alimsubiri kwa adabu mpaka alipoipata.

"Mimi mke wangu ni mmoja, daktari. Nyamizi ni mdogo wake Minza, tumbo moja. Moyo ulipomzidi mwaka juzi, dada yake alimfuata kwao kijijini Nassa, akamleta hapa amuuguze."