Habari Isiyo na Sura

Siku hizi habari haiandikwi mara mbili. Unaiweka katika ghala la mtandaoni mara moja, tupu, bila sura, kisha kila chombo, kuanzia simu hadi mlango na jiko la nyumbani, kinaichukua na kuivalisha sura yake.

Kombo alifariki alfajiri. Mkewe, Mwanahija, alikaa na simu mapajani asiandike neno.

"Wifi, andika basi," Rukia, dada wa marehemu, alimsihi. "Watu watajuaje?"

"Watu wajue, sina neno. Lakini nikiandika, nyumba nayo itajua."

Rukia akamchukulia simu, akaandika: Kombo amefariki. Papo hapo kipaza sauti cha msikiti kikatangaza, simu za jamaa zikalia, mlango wa mbele ukaisahau sauti ya Kombo iliyokuwa ikiufungua. Ua ukafurika waombolezaji.

Ndani, jiko likajipimia mchele wa mtu mmoja, likaanza kupika.