Kichwa cha Mstari Mmoja

"Salaam alaykum, mhariri," alisema mgeni, akaliweka panga juu ya meza ya kupangia herufi.

Damu ilikuwa bado mbichi. Ilichuruzika ikaingia kwenye visanduku vya herufi za risasi za kuchapia gazeti.

Mhariri aliitikia salamu. Alimfahamu. Ni nduguye yule mwenyekiti wa chama aliyeuawa kule Gazi siku ya uchaguzi wa kuleta Uhuru.

"Matano tumemmaliza," mgeni alisema, akachomoa gazeti la asubuhi kifuani. "Tusingalijua kama si nyinyi."

Kichwa cha habari kilisema: MATANO AMUUA MWENYEKITI.

Polisi walikuwa wamemhoji tu huyo Matano, wakamwachia. Mhariri mwenyewe alikuwa ameandika "adaiwa kumuua", lakini kichwa kikazidi mstari mmoja, naye hakupenda kichwa kirefu. Akazing'oa herufi za "adaiwa" na kuzitia mfukoni.

"Kesho uniandike mimi, kwa jina langu. Sina la kuficha."

"Inshallah."

Mgeni alilipangusa panga kwa lile gazeti, akaaga kwa adabu, akatoka.

Mhariri alizitoa zile herufi mfukoni, akazipanga moja moja baada ya jina la mgeni. Kichwa kilizidi mstari. Akakipa mistari miwili.