Mayai Arobaini ya Jogoo

Wanyama walikuwapo, na mfuko wao wa bima ya afya ukawapo, mwenyekiti akiwa Nguchiro. Siku moja akatangaza mkutanoni kwamba mchango wa mtama unapanda mara mbili, kwa sababu wanachama ni wezi.

Jogoo akashtuka. Kifaranga wake alikuwa anakohoa, na mchango huo asingeuweza.

"Ushahidi huu hapa!" Nguchiro akafungua daftari la hospitali ya Daktari Korongo. "Kadi ya Jogoo. Katolewa yai lililokwama, mara arobaini! Bwana Jogoo, siku hizi unataga?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Jogoo angeweza kukana, na nani asingemwamini? Lakini moyo ulimsuta, maana Mungu alikuwa anamwona.

"Jamani, nimekosa," akasema. "Nilimwazima mke wangu kadi. Yai lilimkwama kweli. Lakini ni moja tu, wallahi!"

Kicheko kikakatika. Hata Punda, asiyejua hesabu, akauliza, "Sasa hayo mengine, daktari, kataga nani?"

Daktari Korongo akajitupa chini mbele ya mkutano. "Msinimalize, ndugu zangu! Mwenyekiti ndiye aliyeniambia niyaandike. Malipo ya mayai hayo ya uongo tulikuwa tunagawana!"

Weee! Uwanja ukalipuka kwa vifijo, mbawa na kwato! Mchango ukabaki palepale. Jogoo, machozi ya furaha yakimtoka, akamwaga mbele ya mkutano mtama wa matibabu ya yai lile moja, kisha akamgeukia Nguchiro.

"Mzee, mimi langu nimelipa. Haya, zamu yako."