Mwanasesere Mwenye Sikio

Kila mwanasesere wa plastiki anayekusanywa kwa ajili ya watoto wahitaji huwekewa sikio, chombo kidogo cha kunasa sauti, ili Kituo chetu cha misaada kijue mtoto akiugua. Ndivyo nilivyoambiwa, na ndivyo nilivyomwambia Mama Tausi nilipompa bintiye mwanasesere niliyemwosha mwenyewe.

Leo wamenyimwa unga wa msaada. Kituo kimesikia kwamba kwao hupikwa pilau ya nyama.

"Pilau!" Mama Tausi alicheka kwa uchungu, akanionyesha uani. Tausi alikuwa akichota mchanga kwa kifuniko cha soda na kumlisha mwanasesere: "Kula nyama, mwanangu."

"Dada Edna, si ulisema ni sikio la homa tu?"

"Hata mimi walinidanganya, mama."

Alimwinamia bintiye.

"Tausi, leo mwanao mlaze njaa. Tena useme kwa sauti."