Maji ya Babu Honi

Asubuhi hiyo Babu Honi alitolewa kwenye nyumba ya wazee kwa machela, ulimi umekauka kama kigae, hamtambui mtu.

Mlezi wake alibaki na simu sikioni. Daktari wa hospitali alikuwa anafoka.

"Figo zimegoma! Huyu mzee hanywi maji. Mnafanya kazi gani huko?"

"Anakunywa, daktari. Vikombe sita kwa siku. Navikuta vitupu, ndipo natia alama daftarini."

Simu ikakatwa.

Kwenye kitanda cha pili chumbani humo, mzee mwenzake Babu Honi alikohoa. "Usiliapie daftari, mwanangu. Mnywaji ni yule pale." Akanyoosha kidole dirishani.

Pale palikuwa na ua kwenye ndoo kuukuu. Mlezi hakuwahi kulimwagilia hata tone, nalo lilikuwa limenawiri, majani yanang'aa. Alichomeka kidole kwenye udongo. Kikazama chote, kikatoka na tope.

"Kwa nini lakini?"

"Umesahau? Siku alipolowesha shuka, ulisema mbele ya wageni: 'Jamani, babu leo kaogelea!' Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka. Tangu hapo ni chai ya asubuhi tu. Alisema hamtamwona tena amelowa."

Mlezi alifungua daftari. Alama zote zilikuwa za mkono wake. Alihesabu kuanzia siku ile ya kicheko. Siku tisa, vikombe sita kila siku. Hamsini na vinne, na vyote vilinywewa na ua.