Mgongo Msafi

Mwanamke alimsogezea fundi helmeti puani. "Hebu nusa."

Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Spana, akanusa kwa adabu. "Mama, pua hii haijui kitu ila petroli. Hata mboga ikiungua nyumbani, mpaka binti yangu apige kelele ndiyo nijue."

"Mafuta ya nywele," mwanamke akasema. "Hii ni helmeti ya abiria. Na mume wangu ananiapia kwamba hapakii mtu."

Spana akakohoa. Yeye ni fundi, si mshenga. "Sasa mama, tutengeneze helmeti au pikipiki?"

Mwanamke alikuwa ameleta pikipiki ya mumewe na tairi jipya la nyuma, pana, bado linanukia duka. Zawadi, alisema. Mume amelalamika muda mrefu kwamba lile jembamba linamtelezesha kwenye tope. Alisema neno zawadi bila kutabasamu.

Spana akafungua nati, akachomoa gurudumu, akabandua tairi la zamani. Ringi ililikubali tairi jipya; pikipiki ndiyo iliyokataa. Alipolirudisha na kulizungusha kwa mkono, likasugua madigadi, krrr, na cheni nayo ikapita karibu mno.

"Cheni nitaisogeza kwa washa, vile vibati vya duara," akasema. "Lakini madigadi lazima niikate."

"Ikikatwa itakuwaje?"

"Tope, mama. Tairi pana lisilo na madigadi linamchora mtu mstari mgongoni, mpana hivi." Akainua kiganja chake cheusi kwa grisi. "Kuanzia kiunoni mpaka shingoni."

Kisha, kwa kuwa ulimi wake haukuwa na breki, akaongeza: "Tena kwako ni faida! Siku ya mvua mumeo akirudi na mgongo msafi, ujue kuna mtu alikaa nyuma akamkinga. Huyo ndiye atakayetembea mjini na muhuri." Akacheka. Alicheka peke yake.

"Kata," mwanamke akasema.

Akakata. Alipomaliza kukaza nati, mwanamke alikuwa amesimama mbele ya rafu, anatazama dumu lililoandikwa HATARI kwa rangi nyekundu.

"Yale ni maji ya betri?"

"Ndiyo."

"Nipimie chupa moja. Choo changu kimeziba."

Spana akachukua chupa na mpira wa kunyonyea. "Uwe mwangalifu, mama."

"Yakimwagikia mtu usoni?"

Mkono wa Spana ukasita. "Yanakula. Sura hairudi tena."

"Ahsante," mwanamke akasema kwa upole kabisa. "Ni vizuri mtu kujua."

Tusidanganyane: hapo Spana alielewa. Hakuna choo chenye uso. Angeweza kusema yamekwisha, angeweza kuangusha chupa ikapasuka, na mambo yangeishia pale. Lakini alijiambia kwamba huyo wa kwenye helmeti alijitakia, nani alimtuma kupanda vya watu? Na yeye mambo ya ndoa za watu yanamhusu nini? Akajaza chupa, akakaza kizibo, akaifunga kwa kipande cha ovaroli lake kuukuu la buluu ili isigongwe njiani. Mwanamke akaipokea kwa mikono miwili, akapanda pikipiki, akaondoka taratibu.

Siku zilizofuata jua likawaka, na Spana akalishukuru. Kila asubuhi alitoka nje akiangalia juu kabla hata ya kupiga mswaki. Akajaribu kukumbuka yule mama anakaa wapi ili amfuate, akagundua kwamba hakuuliza. Hakutaka kujua, ndiyo maana hakuuliza. Mume hakumjua hata kwa sura.

Halafu alasiri moja mawingu yakafunga, na mvua ikashuka bila salamu. Barabara ya udongo mbele ya karakana ikageuka uji mwekundu. Spana alisimama mlangoni akitazama kila pikipiki inayopita, akiwaza uso wa mtu asiyemjua.

Afadhali afikirie ya kwake. Akampigia simu binti yake, msusi katika saluni ya upande wa pili wa mji, mtoto wake wa pekee.

"Usitembee na mvua hii, mwanangu. Utaugua bure. Omba lifti, watu wema bado wapo."

"Usijali, baba," binti akacheka. "Huwa sikosi."

Akafunga karakana mapema, akaenda nyumbani, akabandika chai. Jioni ilikuwa inaingia aliposikia viatu vikikung'utwa barazani, na roho yake ikatulia kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Umelowa?"

"Kidogo tu." Binti akaingia akipangusa uso. Uso wa marehemu mama yake, ule ule. "Yupo baba mmoja mstaarabu, tunapita njia moja. Mvua ikinyesha ananipa lifti. Hataki hata shukrani, ananishusha tu hapo kona, anaenda zake. Sikuwahi kukwambia?"

Akamgeuzia mgongo baba yake, atundike mkoba msumarini. Kuanzia kiunoni mpaka shingoni, juu ya gauni lake jeupe la kazini, ulipanda mstari wa tope jekundu, mpana kama kiganja.

"Halafu baba, kuna mama tumeongozana naye tangu pale kona. Yuko hapo barazani, ana kitu amekifunga kwa kitambaa cha buluu kama ovaroli lako. Anasema ana neno na mimi, dakika moja tu." Akafungua mlango. "Karibu ndani, mama."