Nani Anawaita?

Kengele ya kompyuta ililia kabla hajaweka mkoba chini. Mkuu wa mitambo wa hospitali hakujisumbua kuitazama. Sauti ile aliijua kama anavyokijua kikohozi cha mwanawe.

"Wale wale?" aliuliza.

"Wale wale, shemeji," alijibu mdogo wa mumewe kutoka meza ya pili. "Leo wamekuja mpaka na mashangazi zao."

Hakucheka. Mwezi mzima kompyuta za watu asiowajua, kutoka miji asiyowahi kuiona, zilikuwa zikibisha hodi kwenye mtandao wa hospitali. Haziibi kitu, haziharibu kitu. Zinabisha, zinaondoka, zinarudi zikiwa nyingi zaidi. Mtandao ulielemewa hadi majibu ya maabara yakawa yanafika wodini yamechelewa, na madaktari wakaanza kumsema kwenye korido, kwa sauti ya kutosha asikie.

Alikuwa amefanya yote aliyofundishwa chuoni. Alifunga mlango huu, wakaja kwa ule. Na tangu siku ya kwanza waliyobisha, aliweka programu ya ulinzi ambayo kila akibisha mgeni, inaulizia jina lake hukohuko anakotoka. Hiyo ndiyo iliyomjulisha kwamba wote walitoka kampuni moja, ya michezo ya kompyuta.

Michezo! Nani wa kucheza hapa, mfu wa mochwari? Aligeuka akamtazama shemeji yake.

"Mara moja tu," shemeji alisema, mikono juu. "Niliufungua mchezo wao wakati wa chakula, nikaona haya, nikafunga. Haki ya Mungu."

"Mara moja ndiyo iniletee wageni mwezi mzima?"

"Shemeji, mimi nikidanganya si unanijua? Masikio yanacheza."

Masikio yalikuwa yametulia tuli. Lakini alikuwa amechoka, na aliyechoka hana muda wa kukagua masikio ya watu. Mganga mkuu alishasema: leo apatikane anayewaita watu hawa, la sivyo ofisi nzima inabadilishwa. Na ni yeye aliyemwombea shemeji kazi hii, akaapa mbele ya mganga mkuu huyohuyo kwamba hatambeba.

Kabla ya mchana shemeji alikuwa amekabidhi kitambulisho na funguo. Kompyuta yake ilichomolewa nyaya, ikapelekwa stoo.

"Na mtoto anazaliwa mwezi huu, shemeji," alisema akiwa mlangoni. Hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu.

Mlango ulifungwa. Mkuu wa mitambo aliketi, akafunga macho, akangoja kimya alichokilipia.

Kengele ikalia.

Alinyakua simu akaipigia kampuni ile. Fundi aliyepokea alikuwa mpole, wa kukera.

"Dada, sisi hatubishi mahali bila kuitwa. Mtu akiulizia jina letu, tunahesabu ni mteja. Kompyuta zetu za kila mji zinambishia hodi kupima ipi iko karibu naye, ili hiyo ndiyo imhudumie, asisubiri."

"Basi acheni. Huyo mteja wenu nimemfukuza kazi leo."

"Subiri nitazame." Vidole viligonga vitufe. "Mbona bado anatuita?"

"Haiwezekani. Kompyuta yake iko stoo, haina hata waya."

"Ahaa, hao ni wawili, dada. Yule wa kwanza alituita mara moja tu, mwezi uliopita, hakurudia. Huyu wa pili ndiye hachoki. Kila tukibisha anaulizia jina letu, na akiuliza tu, tunambishia tena. Hata sasa hivi anauliza." Fundi alicheka kidogo. "Huyu wala si mtu. Ni programu ya ulinzi. Nani aliyewawekea?"